Sura ya Sita: Moto Ulioandikwa Kabla ya Kuwaka

Saa ya ukutani ilikuwa imekufa ikionyesha saa nne na dakika ishirini na tano. Kifuniko chake cha plastiki kilikuwa kimeyeyuka, kikateremka juu ya tarakimu kama ute na kuigandisha mishale yote miwili pale pale moto ulipoikuta. Mshale mfupi ulikuwa umeipita kumi kidogo. Mrefu ulisimama kwenye tano.

Mpelelezi alitoa mkobani rula yake ya chuma, akaiegemeza juu ya mishale ile bila kuigusa, kisha akaandika vipimo daftarini. Katika kampuni ya bima walimwita Rula, kwa kuwa hakwenda popote bila kipande kile cha chuma, na kwa kuwa hakuwahi kuliacha neno "takribani" lipite bila kupimwa.

"Ilikuwa nzima saa hii?" aliuliza.

Seremala alikuwa amesimama kizingitini. Nyumba ilikuwa ya mama yake, naye alizaliwa ndani yake, lakini tangu iungue, wiki tatu zilizopita, hakuwa ameuvuka mlango ule.

"Nzima, dada. Mama aliitunza kuliko alivyotutunza sisi."

"Moto ulianza lini?"

"Saa kumi jioni. Waya ulilipuka darini. Uliza mtaa mzima."

"Nimeuliza. Watu kumi na wanne wamesema saa kumi jioni."

"Basi."

"Na kumbukumbu ya kampuni inasema kwamba wewe ulipiga simu kuripoti moto huo siku hiyo hiyo saa nne na robo asubuhi. Saa ya mama yako inasema ilikufa dakika kumi baada ya simu yako."

Seremala alitazama ukuta, akatazama majivu, kisha akajitazama mikono. "Saa nne na robo nyumba hii ilikuwa imesimama," alisema taratibu. "Mama alikuwa barazani anashona. Nilipiga baada ya kumtoa nje. Sasa hata saa ya nyumbani imenigeuka?"

Rula aliingia chumba cha ndani akihesabu hatua. Boriti zilikuwa zimeanguka juu ya kitanda, na chuma cha cherehani kilikuwa kimepinda. Pembeni tu, pazia moja jeupe lilining'inia bila doa, kana kwamba mtu alikuwa amelifua asubuhi ile. Hapakuwa na upepo, lakini pazia lilikuwa linatikisika. Alilitazama mpaka alipogundua kwamba tofali moja la nyuma lilikuwa limedondoka na kuacha tundu. Akalipima tundu lile pia.

Kampuni ilikuwa na maelezo yake. Ilisema kwamba Seremala alitega moto wa chini kwa chini, wa kufuka bila ndimi, ndani ya chumba hiki saa nne asubuhi, joto lake likaiyeyusha saa ya upande wa pili wa ukuta. Akawahi kuripoti ili dai lifunguliwe mapema. Kisha moto ukakaa umejikunyata humu ndani kwa saa sita nzima, huku bibi kizee akishona barazani, ukuta mmoja tu kati yake na huo moto. Yalikuwa maelezo ya kutisha, na ubaya wake ni kwamba yaliwezekana.

Simu yake ililia. Alikuwa Afisa Mawasiliano, ambaye ofisini walimwita Redio, kwani hata salamu aliitoa kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Rula, habari za majivu? Nina tangazo la umma linatoka saa nane mchana. Nakusomea kipande." Bila kungoja akageukia mtu mwingine upande wa pili na kuendelea kumsomea aandike. "Kampuni imebaini mtandao wa waongo walioripoti majanga manne ya moto kabla hayajatokea, nukta. Kinara wake ni seremala mmoja ambaye jina lake tumelikabidhi polisi, nukta. Umeandika?"

"Bado sijamaliza uchunguzi," Rula alisema.

"Wananchi wanasema tunajua kupokea tu, kulipa hatujui. Leo tutawaeleza kwa nini. Mimi mwenyewe nina uchungu, shemeji yangu ni mmoja wa wahanga. Ghala lake la magodoro limeteketea lote. Na Mkuu wa Madai ameshakubali. Amesema mashine ya kumbukumbu na saa ya ukutani iliyo kwenye picha za jalada ni mashahidi wawili wasio na ndugu wala jirani."

"Mpaka saa nane, basi."

"Saa nane kamili, mama. Redio haichelewi."

Nje, fundi cherehani wa nyumba ya jirani alikuwa amesimama karibu na ua, akijifanya anaanika nguo. Alikuwa mama mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni.

"Ninyi ndio wa ile bima?" aliuliza kabla ya kuulizwa. "Maana ujumbe wenu tuliuona wote. Kijana wa watu aliletewa kwenye simu: 'Pole kwa moto uliokupata saa 10:15.' Saa nne na robo! Saa nne na robo mimi nilikuwa hapa nazungumza na bibi, na nyumba ilikuwa nzima. Mlikwisha kuiandika majivu nayo ina paa?"

"Ujumbe ulifika siku hiyo?"

"Siku tatu baadaye. Lakini ulivyoandikwa, mama! Mtaa huu sasa hakuna anayelala na simu karibu."

"Wewe una bima ya nyumba?"

"Nilikuwa nayo. Nimeiacha."

"Naomba namba yako, nikihitaji maelezo zaidi."

Fundi cherehani aliruka nyuma hatua mbili. "Namba yangu? Ili mniambie pole kabla sijaungua? Njoo mwenyewe kwa miguu yako, mwanangu. Nipo."

Bibi mwenye nyumba alikuwa amepewa chumba kimoja nyuma ya nyumba hiyo ya fundi. Aliketi kwenye kigoda, mgongo umenyooka kama wa mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mkononi alivaa saa kubwa ya kiume iliyomzidi kifundo, ikazuiwa na kipande cha utepe.

"Karibu, mwanangu. Usikae hapo, mguu wa kiti umelegea. Seremala wangu atengeneza viti vya watu, vyetu vinasubiri."

"Asante, bibi. Sitakuchosha."

"Nichoke nini? Kazi yangu sasa ni kukaa. Wanasema mwanangu ameichoma nyumba yangu."

"Wanasema hivyo."

"Na wewe wasema nini?"

"Mimi sisemi, bibi. Mimi napima."

Bibi alicheka kwa sauti ndogo. "Basi pima. Nikifa leo nitazikwa kutoka chumba cha kuazima, na mwanangu atakuwa kifungoni. Pima vizuri."

Rula alifungua daftari. "Saa ya ukutani. Siku ya moto ilikuwa inakwenda?"

"Haikuwahi kulala hata siku moja. Mimi na hii ya mkononi tuliisawazisha kila Ijumaa. Hii ni ya marehemu mume wangu."

Rula aliitazama saa ile kutoka alipoketi. Mshale mfupi ulikuwa katikati ya tatu na nne. Mrefu ulikuwa kwenye sita. Akaitazama yake mwenyewe. Mshale wake mfupi ulikuwa katikati ya tisa na kumi. Mrefu ulikuwa kwenye sita.

"Bibi, samahani. Saa yako imesimama?"

"Isimame kwa nini? Sikiliza." Bibi alimsogezea mkono sikioni. Saa ilikuwa ikienda, mapigo yake mazito na ya haki.

"Sasa ni saa ngapi kwako?"

"Saa tatu na nusu."

"Kwangu pia ni saa tatu na nusu," Rula alisema polepole. "Lakini mshale wangu uko kwenye tisa na nusu."

Bibi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani ambaye hajafundishwa. "Wengi mko hivyo. Marehemu hakutaka. Alisema, saa tatu ni tatu. Mshale ukae kwenye tatu, mtu aone tatu, aseme tatu. Mnaona tisa, mnasema tatu. Mnaona kumi, mnasema nne. Kila siku mnajidanganya mara kumi na mbili, halafu mnashangaa dunia ina uongo. Saa zote za nyumba yangu zilisema kile zilichokionyesha."

Rula aliitoa rula ya chuma, akailaza juu ya uso wa saa yake mwenyewe, kutoka kumi kwenda nne. Ilipita katikati sawasawa.

"Mshale wa saa ya ukutani uliipita kumi," alisema. "Maana yake, kwako, saa kumi."

"Saa kumi na dakika ishirini na tano jioni. Si ndivyo ilivyokuwa? Mwanangu alikwisha kunitoa mgongoni, nikawa nje natazama ukutani kupitia dirishani, nasema, lo, saa yangu."

Shahidi wa kwanza asiye na ndugu alikuwa amebadili kauli. Alibaki wa pili, yaani mashine, na mashine hazikuolewa na marehemu wa bibi huyu. Rula aliaga kwa heshima, akasimama, akageuka mlangoni.

"Bibi, ulipokuwa mdogo shuleni, mwalimu akisema 'saa kumi', uliandika nini ubaoni?"

"Kumi," bibi alijibu. "Ningeandika nini?"

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la vioo. Tangu uvumi uenee, wapita njia walikuwa wakivuka barabara ili wasipite chini ya bango lake. Ngazi zilikuwa tupu. Katika chumba cha simu palikuwa na meza sita. Tano hazikuwa na watu, maana makarani wawili walikuwa wameomba uhamisho, na watatu likizo ya ugonjwa usiojulikana. Simu zililia kwenye meza zile tupu, zikakoma zenyewe, zikalia tena.

Karani wa simu aliyebaki alikuwa binti wa miezi minne kazini, mwandiko wake mzuri kuliko wa cheti cha ndoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Majanga manne ya moto yaliyoripotiwa kabla. Yote yaliangukia siku tatu zile mtandao ulipokatika?"

"Ndiyo, mama. Mashine zilizimika zote. Tulipokea kwa simu ya mezani, tukaandika kwenye kitabu cha dharura. Mtandao uliporudi nikaingiza."

"Wewe mwenyewe?"

"Peke yangu. Mama, mimi sina mizimu. Watu wananiuliza nasikia sauti gani. Ni sauti za watu tu."

"Lete kitabu."

Kitabu cha dharura kilikuwa na jalada gumu la kijani. Rula alikifungua kwenye ukurasa wa siku ya moto wa bibi, akashusha rula mstari kwa mstari. Bomba limepasuka, 2:10. Ukuta umeanguka, 3:30. Mti umelalia paa, 5:00. Wizi wa dirisha, 7:45. Kisha, kwa mwandiko ule ule uliotulia: Nyumba ya mama yangu inaungua njooni jamani njooni, 10:15.

"Hapa umeandika mpaka 'njooni jamani'."

"Nilifundishwa niandike neno kwa neno, mama. Nisipunguze, nisiongeze. Mteja akilia, naandika analia."

"Na akisema saa?"

"Naandika aliyosema."

"Huyu alisemaje?"

"Alisema, 'Sasa hivi, saa kumi na robo.' Nikaandika kumi na robo."

"Na huyu wa bomba?"

"Saa mbili na dakika kumi. Mbili na kumi."

Rula aliugeuzia ukurasa ule upande wa karani, akaweka kando yake karatasi iliyochapwa na mashine kwa siku hiyo hiyo. "Soma kama mashine inavyosoma. Kwa mashine, 2:10 ni saa nane na dakika kumi usiku. Simu ya mwisho ya siku hiyo umeiandika 10:40, nayo kwa mashine ni saa nne na dakika arobaini asubuhi. Kwa mujibu wa kampuni, wewe ulifika kazini saa nane za usiku, ukapokea simu gizani, ukaondoka kabla ya saa tano asubuhi. Lango la chini hufunguliwa saa ngapi?"

"Saa moja na nusu asubuhi." Karani alishika mdomo. "Mungu wangu. Nimewaandikia watu usiku."

"Umewarudisha nyuma saa sita. Bomba lililopasuka halina saa ya kuzaliwa, ndiyo maana hakuna aliyestuka. Moto una mashahidi."

"Nitafukuzwa, mama?"

"Kwanza tuongeze sita."

Wakaongeza. Nyumba ya bibi: saa kumi na robo jioni, dakika kumi na tano baada ya moshi wa kwanza. Duka la vitabu: dakika ishirini baada ya moto. Banda la mafundi magari: dakika nane baada ya moto. Kila mzimu, ukiongezewa sita, uligeuka kuwa mtu mwenye hofu anayepiga simu kwa wakati wake. Karani alianza kutabasamu.

Jalada la nne lilikuwa la ghala la magodoro. Kitabuni: 9:05. Yaani saa tisa na dakika tano alasiri. Rula alilinganisha na taarifa ya zimamoto na maelezo ya mlinzi wa geti. Wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walisema kwamba moto ulionekana saa kumi kasoro robo.

Alirudia hesabu. Akairudia tena kwa kidole, kama afanyavyo mtoto wa darasa la pili.

"Zinabaki dakika arobaini," alisema.

Tabasamu la karani lilizimika. Kwenye meza ya tatu simu ilianza kulia, ikalia mara saba, ikakoma.

"Huyu aliripoti kweli kabla," karani alinong'ona.

"Soma ulichoandika."

Karani alisogeza kitabu. "Ghala la magodoro la barabara ya reli linaungua nukta. 9:05."

"Mashine imelihamishia neno hilo kwenye saa, '9:05 nukta', na Mkuu wa Madai alidhani ni nukta za saa, yaani sekunde, kwamba ulisahau kuweka idadi yake. Zilikuwa nukta ngapi?"

"Hapana, mama, si za saa. Hakutaja nukta baada ya saa. Alisema 'linaungua', halafu akasema 'nukta'. Nikaandika neno kwa neno."

"Sauti ilikuwaje?"

"Imetulia sana. Ndiyo iliyonitisha. Wengine wote nyuma yao kulikuwa na kelele, watoto, vyuma, mbwa. Kwake kulikuwa kimya kama ndani ya kabati. Nikamuuliza jina, akasema mpita njia. Halafu akaniuliza..."

"Akakuuliza nini?"

"'Umeandika?'"

Rula alifunga kitabu taratibu. Saa yake ilisema saa saba na dakika ishirini.

"Chukua kalamu na kitabu hiki," alisema. "Twende juu. Ukiambiwa uandike, andika kama ulivyofundishwa."

Katika ofisi ya mawasiliano, Redio alikuwa amesimama dirishani na tangazo mkononi. Mkuu wa Madai, mzee wa maneno machache, aliketi pembeni akifuta miwani. Rula alimweleza yule mzee habari ya saa ya bibi na ya kitabu cha dharura, kwa mpangilio, bila kupandisha sauti. Alimwonyesha karani aliyeanza kazi saa nane usiku. Mzee alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Kwa hiyo Seremala hana kosa," alisema.

"Hana. Wala wa duka, wala wa banda."

Redio aliguna. "Kosa la karani, basi. Aibu kubwa, lakini inatengenezeka. Tutatoa tangazo la kuomba radhi kwa wote wanne, tulipe, tuendelee. Wananchi wanapenda kampuni inayokiri."

"Vizuri," Rula alisema. "Muda ni mfupi. Msomee karani huyu, aandike."

Redio alinyoosha tai. Aligeuza uso kuelekea dirishani, kama alivyofanya siku zote alipotunga, na sauti yake ikatulia. Chumba nacho kikatulia. Hata magari ya chini yalionekana kunyamaza.

"Kampuni inaomba radhi kwa familia ya bibi na mwanawe, ambao hawakutenda kosa lolote, nukta. Vilevile inampa pole mwenye ghala la magodoro la barabara ya reli, nukta." Akatikisa kichwa, ameridhika. "Umeandika?"

Aligeuka.

Karani alikuwa ameandika chini ya mstari wa zamani, kwenye ukurasa ule ule wa kitabu cha kijani. Neno "nukta" lilikuwa mara tatu sasa, moja la wiki tatu zilizopita na mawili ambayo wino wake haujakauka. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini mwandiko ulikuwa ule ule uliotulia. Rula aliweka kidole kwenye neno la kwanza, akamsogezea Mkuu wa Madai kitabu, na kando yake taarifa ya zimamoto iliyosema saa kumi kasoro robo. Mzee alisoma mistari ile pole pole. Kisha aliinuka, akaenda mlangoni, akaufunga kwa ufunguo.

"Nimeandika," karani alisema akimtazama Redio. "Kama siku ile."